Afande wa Tangi la Maziwa

Kule Bwaise, jijini Kampala, hatukungoja wingu ili kujua kwamba mvua kubwa imekaribia. Tulimwangalia Afande. Akianza kuvuta winchi ya mnyororo, na ile injini yake ya silinda sita ikaanza kupanda kuelekea boriti ya paa, sisi wenye maduka ya Bombo Road tulipandisha mali zetu kwenye rafu za juu. Hakuwa mtabiri. Alikuwa tu amefurikiwa siku moja, injini ikanywa maji ya mtaro, akaapa mbele ya mkewe kwamba haitakunywa tena. Basi kila msimu injini ilipanda na kushuka, na majirani wakazoea hata wakaanza kuleta vyao. Nimewahi kuingia katika ile gereji nikakuta injini imening'inia katikati, na pembeni yake cherehani mbili, godoro, televisheni na kiti cha kinyozi. Afande alilalamika kutwa nzima kwamba boriti yake si ghala la watu, kisha akaenda kuongeza mnyororo.

Mimi ni Mkenya, mwanamke wa Kakamega. Nauza gasketi na pete za pistoni, na duka langu lilitazamana na gereji yake kwa miaka ambayo sitaki kuihesabu kwa sababu itanitajia umri wangu. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Jeshi lilimfundisha ufundi wa magari, likampa Kiswahili cha kambini na hilo neno Afande, na alipostaafu alitoka navyo vyote vitatu. Hata wauza mboga walimwita hivyo. Mkewe pia, akiwa amekasirika.

Tulijuana kwa ugomvi. Alikuja dukani na gasketi ya kichwa niliyokuwa nimemuuzia, akaibwaga mezani.

"Wewe Mukenya, hii kitu yako imekataa kazi."

Nikamwambia gasketi yangu haina tatizo, akatazame kichwa cha injini yake, huenda kimepinda. Akageuka akaenda zake, nami nikasema haya, mteja nimempoteza. Kesho yake akarudi amebeba kile kichwa begani na kipande cha kioo cha dirisha mkononi. Akakilaza kichwa juu ya kioo mbele ya wateja wangu wote, akaniita niiname nitazame mwanga unaopenya katikati.

"Umesema kweli. Imepinda. Nipe ingine."

Tangu siku hiyo hakununua kwa mtu mwingine, na hakuacha kunilalamikia. Baadaye zile gasketi za kawaida zikawa hazitoshi kwa injini yake, tukaanza kukata za shaba, mimi na yeye. Unaipasha shaba moto hadi iwe nyekundu, unaitumbukiza majini, inalainika. Yeye alishika koleo, mimi nilishika ndoo, na wateja wangu walisubiri.

Gari lenyewe watu waliliita gari la maziwa, na hawakukosea. Mwili wake ulikuwa tangi refu jembamba la kubebea maziwa, la kutoka upande wa Mbarara, ambalo Afande alilikuta kwenye vyuma chakavu. Alilichonga pua mbele, akalipunguza mkia nyuma, injini akaipachika nyuma ya dereva, na magurudumu membamba akayatoa nje kidogo. Tairi alizinyoa kwa mashine hadi zikawa hazina hata meno, kwa sababu alisema ukikimbia sana meno yanang'oka na kukupiga. Lilikuwa linanifika kiunoni. Halikuwa na taa, halikuwa na mlango, na kona halikuijua kabisa. Mama mmoja aliyekuwa akichoma gonja, zile ndizi tamu, jirani yetu alilizunguka siku moja, kisha akamuuliza kwa upole, "Afande, gali hii itabeba nini?"

"Mimi," akajibu.

Mama akasema bambi, yaani maskini, akarudi kwenye jiko lake.

Mambo haya aliyatoa kwenye karatasi ya jarida iliyokuwa imefungia spea, zamani akiwa bado jeshini. Alinieleza kwamba duniani kuna watu wanaopeleka magari kwenye ziwa lililokauka, mahali ambapo chumvi imetandaa nyeupe, tambarare, hakuna mti wala jiwe, wakayakimbiza moja kwa moja. Hawashindani wao kwa wao. Kila mtu anashindana na saa. Na wana sheria moja, nayo ndiyo ilimkaa Afande moyoni kuliko picha zote: ukikimbia kwenda, bado huna spidi. Lazima ugeuze gari, urudi njia ile ile kabla saa moja haijaisha, kisha zichukuliwe zote mbili na kugawanywa kati. Kwa nini? Kwa sababu wakati wa kwenda pengine upepo ulikuwa mgongoni.

Sheria hiyo aliitumia kwa kila kitu, na hapo ndipo alipotuchosha. Gari la mteja hakulitoa gereji mpaka alipandishe mlima hadi Old Kampala, alishushe, alipandishe tena. Mchuzi wa mkewe hakuusifu siku ulipopikwa, alingoja kiporo. Kijana alipokuja kumposa binti yake, Afande alimkaribisha vizuri, akamlisha, akamsindikiza, kisha akamwambia, "Umekuja tukikungojea. Sasa utakuja siku hatukungojei." Kijana wa watu akarudi siku ya mvua, viatu mkononi, maji yakiwa magotini, na akaoa.

Mtu wa spidi, eti. Pikapu yake mwenyewe aliiendesha taratibu hata bodaboda walimpita huku wakimpigia honi na kumcheka. Aliwachukia bodaboda kwa chuki isiyo na kipimo. Alisema wanakimbia mahali ambapo mtoto wa mtu anaweza kuvuka, na kwamba hilo si spidi, ni utovu wa adabu. Ijumaa alipanda kwenda msikitini Old Kampala kwa miguu. Jumapili alimpeleka mkewe misa, maana mama ni Mkatoliki, na yeye akabaki nje kusikiliza magari ya waumini yakiingia. Watu wakitoka kanisani wanamkuta amesimama pale kama askari wa zamu. "Wewe, valvu ya pili. Wewe, mkanda." Mkewe alilalamika kwamba Wakristo wanapata kitubio kizito zaidi huko nje kuliko kwa padre.

Na kitu kingine, alichukia moshi. Alichukia moshi mweusi kama watu wengine wanavyochukia matusi. Mafundi wa Kampala ndivyo walivyo: gari likitoa moshi mweusi mbele ya watu, aibu ni ya fundi, basi wanalibana petroli mpaka linapumua safi. Kumbukeni hilo, kwa sababu ndilo lililomponza.

Chumvi tuliyoifuata ilikuwa Kenya, jangwa la Chalbi, chini ya Marsabit. Mimi ndiye niliyemtajia, na tangu nilipofungua mdomo hakunipa pumzi. Tulipanda lori, Afande, mkewe, mimi na dereva, gari la maziwa nyuma chini ya turubai. Mpakani afisa akalifunua, akauliza hili ni tangi la nini. Mkewe akasema la maziwa. Afisa akauliza maziwa yako wapi. Afande, ambaye hakujua kudanganya hata pale uongo ulipokuwa na faida, akasema si tangi, ni gari. "Gari gani halina taa, halina namba?" Nikashuka mimi, Mkenya kwa Mkenya, tukaongea mpaka akacheka, na tukapita tukiwa tumeandikiwa kwamba tumebeba mashine ya majaribio.

Kule Chalbi wazee wa Wagabra walitusikiliza hadi mwisho. Swali lao lilikuwa moja: ngamia watashtuka? Afande akasema watashtuka. Nadhani walimpenda kwa jibu hilo. Wakakubali akimbie mapema asubuhi, kabla mifugo haijavuka kwenda kisimani. Tukapima kilomita moja katikati ya ule weupe, tukachora mstari kwa unga wa mkaa ili aufuate, maana alikataa katakata kumwaga oili kwenye ardhi ya watu. Mkewe alisimama mwanzo wa ile kilomita na kioo chake cha kujipambia. Mimi nilisimama mwisho na saa ya kubonyeza. Gari likimfikia mama, anamulika kioo, mimi nabonyeza. Likinifikia mimi, nabonyeza tena. Hiyo tu ndiyo ilikuwa mitambo yetu.

Sasa, Kampala iko juu, hewa yake nyepesi. Chalbi iko chini, hewa nzito, na injini inayopewa hewa zaidi inataka petroli zaidi, la sivyo inaungua ndani. Afande alilijua hilo. Alikuwa amekuja na jeti za kabureta, vile vipande vinavyopitisha petroli, zenye matundu makubwa zaidi, alizozitoboa mwenyewe kwa ajili ya kule. Alfajiri akazifunga, akawasha. Injini ilikuwa bado baridi, ikatapika moshi mweusi. Na wazee walikuwa wamesimama pale na fimbo zao, wanatazama.

Nilimwona alivyoutazama ule moshi. Akazima. Akafungua kabureta, akatoa zile jeti, akarudisha za Kampala. Mkewe akamwambia, "Baba, si ulisema hizi za nyumbani haziwezi huku?" Akawasha tena, na injini ikalia safi, kavu, tamu, hata mimi nikatabasamu. Wazee wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba wameridhika.

Ile kwenda, sijaona kitu kama kile maishani mwangu. Kioo kilimulika mbali, nikabonyeza, na kabla sijapanga miguu yangu vizuri tangi lilikuwa limekuja, limepita, na sauti ikafuata baadaye ikanipiga kifuani. Nikabonyeza. Nikaitazama saa. Nikakaa chini kwenye chumvi, sina haya kusema, nikalia.

Kisha nikaona huko mbele moshi wa bluu. Pistoni ya nne ilikuwa imetoboka tundu la kupitisha kidole gumba.

Nilipomfikia alikuwa bado ameketi ndani ya gari, kofia kichwani, mikono kwenye usukani. Nikajua anangoja ile saa moja iishe. Hakukuwa na cha kufanya, pistoni haishonwi, lakini hakutoka. Mkewe alikuja akafungua mwavuli akamkinga jua. Tulisimama hivyo. Saa ilipotimia akavua kofia, akatoka, akaomba spana.

Nikamwambia, "Afande, lakini kwenda umekwenda. Nikuambie ulikimbia ngapi?"

Akainua kiganja.

"Usiniambie. Hiyo ni ya upepo. Sijarudi."

Na hakuna aliyeambiwa. Mkewe alinipikia kuku mzima, nikala, sikusema. Bodaboda waliweka dau kijiweni. Watu wakimuuliza Afande mwenyewe, "Mzee, gari la maziwa lilikimbia ngapi?" aliwajibu kwamba bado hana spidi, wangoje. Walimcheka. Walisema mzee amekwenda hadi Kenya kuunguza injini, akarudi mikono mitupu. Mimi nilikuwa naumia, kwa sababu ile namba nilikuwa nayo kichwani, na ingewafunga midomo wote pale Bwaise. Hata wewe unayesoma sikuambii.

Alichonga pistoni mpya. Tukakata shaba mpya. Safari ya pili tulijipanga vizuri, jeti ni zile kubwa na moshi utoke utakavyo, alisema, hata mbele ya rais. Tulipofika, Chalbi ilikuwa imenyeshewa. Ile tambarare yote ilikuwa ziwa, korongo wamesimama ndani yake wanakula. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya lori nimechoka mno kuongea. Afande alivua viatu, akaingia majini hadi kwenye vifundo, akaenda mbele, akarudi.

"Chini bado iko tambarare," akasema. "Itakauka."

Huyo ndiye mtu. Sijawahi kumsikia akisema basi. Nilimwona amekasirika, nilimwona amechoka, siku moja nilimwona amelala chini ya gari na mguu wa mtu umemkanyaga mkono, akaomba msamaha kwa kuwa na mkono. Lakini kuacha, hapana. Nilipomuuliza kwa nini asiridhike na aliyofanya, kwani ni nani mwingine kutoka Bombo Road aliyewahi kukimbia hivyo, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini anavaa nguo. "Mimi nataka moja tu," alisema. "Moja ya kweli. Nikiulizwa, niseme."

Kisha macho yakaanza. Presha ya macho, daktari alisema. Alianza kugusa nati kwa vidole kabla ya kuweka spana. Alianza kuniuliza ni nani huyo aliyesimama mlangoni. Mkewe hakubishana naye. Alifunga mizigo, wakahamia mtaa wa Ntinda kwa binti yao, aliye polisi, na gari la maziwa likahamia nao. Likawekwa mahali pa gari la binti, chini ya turubai, na gari la binti likawa linalala nje ya geti.

Mwezi uliopita binti huyo alinipigia simu. Akaniomba niende. Alinipokea getini akiwa bado na sare, akanivuta pembeni.

"Aunti, baba hapumziki. Anaamka anashika shika ile injini, juzi amejichoma. Tafadhali mwambie ile namba. Akishaijua atatulia."

Nikamwambia baba yake amenikataza. Akasema, "Baba hana tena macho ya kurudi huko, Aunti. Unamfichia ili iweje?" Machozi yalikuwa yamemlenga, na huyo ni mtu anayekamata wezi. Nilimpenda yule mzee, na nikaona binti yake ana haki. Nikaamua nitamwambia.

Nilimkuta kwenye kigoda, mgongo ameuegemeza kwenye tangi. Tukasalimiana, tukaulizana habari za Bwaise. Nikamwambia maji yalipanda, na watu wanatafuta boriti. Akacheka.

"Mukenya, la kushoto limekwisha. La kulia liko njiani."

"Pole sana, Afande."

"Ni hivyo. Mstari sitauona tena. Mimi siendeshi."

Alisema waziwazi, bila kuivuta sauti. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono ameikunja, ananitazama mimi. Nikavuta kiti karibu.

"Afande, siku ile Chalbi, saa yangu ilisema..."

"Nyamaza." Hakupandisha sauti. "Simama."

Nikasimama, nikidhani ananifukuza. Naye akanyanyuka, mkono mmoja ukifuata ubavu wa tangi, akatoa chini ya turubai waya laini mrefu, ule ambao mafundi hupinda kunakili umbo la kitu. Akanikaribia, akanigusa bega kwanza ili ajue liko wapi. Kisha akaanza kuupinda ule waya kutoka bega hadi bega.

"Unafanya nini?"

"Napima kiti."

"Cha nani?"

"Ya mutu anayejua tulifika wapi. Nikiweka mwingine atakimbia tu, arudi anidanganye. Wewe spidi ikipungua utajua. Tunaanza upya, kwenda na kurudi, yote mawili."

Nikamwambia nina presha. Nikamwambia gari langu ni la kubebea maboksi, na sijawahi kulipeleka kasi hata kwenye barabara ya Entebbe. Nikamwambia mimi ni mama wa duka, angalia mwili huu, umezoea stuli. Akasema dawa za presha nitabeba, na mwili ndio huo anaupima. Mkewe akacheka jikoni. Binti akasema, "Baba, jamani."

"Wewe leta chaki," Afande akamwambia.

Nilidhani atakataa. Alisimama kidogo akatutazama sote wawili, kisha akaingia ndani, akatoka na chaki ya mwanawe, akawa anatia alama kwenye waya kila baba yake alipomwonyesha kwa kidole.

Niliogopa, nisidanganye. Lakini pia nilitaka. Nilikuwa nimetaka tangu nilipokaa chini kwenye ile chumvi nikalia, na kwa miaka yote sikumwambia mtu kwa sababu ni nani angemsikiliza muuza gasketi akisema jambo kama hilo?

Waya ukashuka kiunoni. Kwa aibu nikavuta tumbo ndani. Vidole vyake vikasimama.

"Mukenya, usijipunguze. Ukikaza hapa, kule kiti itakukataa."

Nikaachia pumzi yote. Tumbo likarudi mahali pake, mapaja yakakaa yalivyo.

"Pima," nikamwambia.